Nywele za Baada ya Kemo Zinataka Mkono Mwepesi

Mwanamke aliyemaliza kemo akiingia saluni kwangu haulizi bei kwanza, wala haangalii picha za mitindo zilizobandikwa ukutani. Anatafuta kwa macho mahali pa kujisitiri. Kwa hiyo kiti cha mwisho, kile kilicho karibu na beseni la kuoshea, nimekizungushia pazia la kitenge, na wasichana ninaofanya nao kazi wanajua kuwa anayekaa pale haulizwi swali lolote mpaka avue kilemba mwenyewe. Akishakivua, ndipo tunazungumza habari za nywele.

Nasuka Magomeni, Dar es Salaam. Wengi wanaokalia kiti hicho wametibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, kule ufukweni. Wengine wametoka Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi na wako mjini kwa ndugu. Wamevumilia upasuaji, dripu, kutapika na kuungaunga nauli, na bado wananiambia kuwa siku waliyolia ni siku nywele zilipobaki kwenye mto. Nawaelewa. Katika makabila yetu mengi mwanamke aliyenyoa kichwa huchukuliwa kuwa amefiwa. Anapita gengeni kununua nyanya, anapewa pole ya msiba ambao haupo. Mtoto aliyetibiwa saratani anaweza kurudi darasani pasipo mtu kushangaa, maana shule nyingi za serikali zinataka wanafunzi wote wanyoe. Mama yake akitibiwa, mtaa mzima unataka kujua.

Tuanze na sababu ya nywele kunyonyoka, kwa kuwa asiyeijua atazitunza vibaya zikirudi. Kila unywele umeota ndani ya kishimo kidogo cha ngozi, na chini ya kishimo hicho kuna shina lenye seli zinazogawanyika kwa kasi kuliko seli nyingi za mwili. Dawa nyingi za kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, kwa sababu seli za saratani ndivyo zilivyo, na hazina namna ya kuchagua ipi ni ya saratani na ipi ni ya unywele. Wakati wowote takriban asilimia 90 ya nywele za kichwani huwa katika hatua ya kukua. Ndiyo maana kichwa hupukutika kwa mkupuo, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3 baada ya dripu ya kwanza.

Si dawa zote zinazofanya hivyo. Doksorubisini, ile ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu kwa sababu ya rangi yake, huondoa nywele karibu kwa kila mtu. Paklitakseli na dositakseli nazo vivyo hivyo. Lakini sisplatini, inayotumika sana pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi huzipunguza tu au huziacha kama zilivyo, na mionzi yenyewe hunyonyoa pale tu inapopigwa. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakipima ugonjwa kwa kuangalia kichwa: fulani amebaki na nywele, basi yake ni ndogo. Si kweli hata kidogo. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wa wagonjwa wake wanatembea na nywele zao kichwani.

Jambo la kushukuru ni kwamba kwa walio wengi shina huzimia tu, halifi. Wiki chache baada ya dripu ya mwisho hutokea malaika, laini, mara nyingi hayana rangi. Mwezi wa 2 au wa 3 nywele halisi zinaanza kufunika kichwa. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, na kwa kuwa zinajikunja, jicho huona pungufu ya hapo. Mteja akiniambia, "Dada, mbona hazikui?" namwomba ruhusa, nanyoosha unywele mmoja kwa vidole mbele ya kioo ili auone urefu wake halisi. Wengi hutabasamu hapo.

Kisha kuna mshangao wenyewe. Wenye nywele za singa hurudi na mawimbi na mikunjo ambayo hawakuzaliwa nayo. Kwetu wenye kipilipili mara nyingi huwa kinyume chake: nywele zinarudi laini, zenye mkunjo mpana, kama za mtoto ambaye bado hajanyolewa arobaini. Mkunjo wa unywele unatokana na umbo la kishimo unamoota na jinsi seli za shina zinavyoujenga. Shina lililotoka kuzimia hujenga bila mpangilio wake wa kawaida. Linapopata nguvu, na nywele zile za kwanza zinapotoka kwa zamu yake, nywele alizokuwa nazo mtu tangu zamani hurejea kidogo kidogo. Kwa wengi inachukua kati ya miezi 6 na mwaka, wakati mwingine zaidi. Wapo wanaobaki na mkunjo mpya moja kwa moja.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifurahia sana nywele zake mpya. "Mungu amenifidia," aliniambia, akizipapasa. Nilifurahi naye, lakini nilimwambia siku ileile kwamba zitabadilika, asije akadhani ugonjwa umerudi. Zilibadilika kweli. Utosini kipilipili kilirejea, kisogoni kikafuata, mbele zikabaki laini. Katika kazi yangu hapa ndipo mahali pagumu, na ndipo wasusi wengi wanapokosea: kichwa kimoja kina nywele za aina mbili, na wakati mwingine hata unywele mmoja una sehemu mbili, ncha laini ya mwanzo na sehemu ngumu ya chini iliyofuata. Pale zinapokutana ndipo unywele unapokatika. Ukizichana zote kwa nguvu moja, zile laini zinakatika kabla kipilipili hakijaachia.

Mwalimu yule nilimgawia kichwa mafungu madogo na kulichambua kila fungu peke yake, kwa vidole kwanza, halafu kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kurudi kwenye ngozi. Kila baada ya miezi 2 hivi nilimpunguzia ncha, kidogo tu, ili umbo la kichwa likae sawa. Kwa mitindo tulitumia misokoto ya mikono, nyuzi mbili mbili, bila rasta. Msokoto una sifa moja kubwa: nywele laini na kipilipili zikisokotwa pamoja zikiwa na unyevu, kisha zikaachwa zikauke zenyewe, zikifunguliwa hazionekani tena kuwa tofauti. Sijaona mtindo unaozidi huo kwa kichwa cha namna hii.

Kuosha si jambo kubwa, ila kwa Dar es Salaam lina kikwazo chake. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza nyingine, anasugua, na nywele zinabaki kavu na ngumu. Kama unatumia maji ya kisima, weka ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho. Osha mara 1 kwa wiki kwa shampuu ya watoto au nyingine isiyo kali, ukipitisha ncha za vidole na siyo kucha. Weka kondishena, iache dakika chache, suuza. Nywele zikiwa bado na unyevu paka mafuta kidogo. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa, na kwa nywele kavu sana unaweza kuongeza tone la mafuta ya nyonyo. Usiku funga kitambaa cha satini, kwa sababu pamba hufyonza unyevu na kukwaruza nywele changa.

Mafuta hayaoteshi nywele. Yanazuia zilizokwisha kuota zisikauke na kukatika, basi. Nalitamka hili kwa uchungu, kwani kila mwezi ananijia mama aliyeuziwa chupa ya mchanganyiko wa vitunguu, tangawizi au pilipili ya kusugua kichwani, kwa bei ya chakula cha familia cha wiki nzima. Ngozi iliyopitia kemo ni nyembamba na nyepesi kuwaka. Inachubuka, inatoa malengelenge. Kwa aliye katikati ya matibabu kidonda cha kichwani ni hatari, maana chembe nyeupe za damu zinashuka siku kadhaa baada ya kila dripu na mwili unakosa askari wa kupambana na vijidudu. Kwa sababu hiyohiyo aliye kwenye dripu namnyoa kwa mashine iliyosafishwa kwa spiriti, simgusi kwa wembe. Na vidonge vya bayotini, vinavyouzwa sana kwa ajili ya nywele na kucha, havina ushahidi wa kutosha kwa mtu asiyepungukiwa na vitamini hiyo, tena vinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo. Anayevimeza amwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kuna mambo mawili ambayo sikufundishwa na mtu katika ususi. Nimefundishwa na wateja wenyewe. La kwanza ni mikono yao. Aliyepasuliwa titi na kutolewa tezi za kwapani mara nyingi hawezi kuinua mkono wa upande ule kwa muda mrefu. Unauma, na unaweza kuvimba. Ukimwambia, "Nenda nyumbani ukajisokote kila jioni," umempa kazi asiyoiweza. Mfundishe binti yake, au dada yake, au mchagulie mtindo unaokaa wiki nzima bila kuguswa. Wakati wa kuosha nywele, mkono huo uwe umeegemea mto, na usipitishe juu yake kifaa chochote cha moto.

La pili ni vidole. Paklitakseli huacha ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu, na ganzi hiyo inaweza kudumu miezi mingi. Mwenye ganzi hawezi kuhisi kwamba maji ya moto yamezidi, wala kujua kuwa anavuta nywele zake kupita kiasi. Mama mmoja mshonaji alikuwa anajichana kila asubuhi na kuona nywele zimejaa kwenye kitana, akaamini saratani imerudi. Saratani haikuwa imerudi. Vidole vyake havikuwa vikimwambia anatumia nguvu kiasi gani. Tulibadilisha kitana, tukaweka kazi ya kuchana mikononi mwa mwanawe wa kike, na kunyonyoka kukakoma.

Sasa nije kwenye dawa, namaanisha dawa ya kulainisha nywele. Sitii dawa kichwa kilichotoka kwenye kemo kabla ya mwaka kupita, hata mteja akinibembeleza, hata akisema ana harusi ya mtoto. Dawa hizo, ziwe zenye magadi makali ya sodiamu au zile za kalsiamu, zinafanya kazi kwa kuvunja vifungo vinavyoupa unywele umbo na nguvu, na ukali wake unakaribia ule wa dawa ya kuzibulia mabomba. Unywele mpya ni mwembamba. Unaweza kuyeyuka mkononi. Ngozi inaungua. Baada ya hapo kuna habari ambayo kila mwanamke aliyepona saratani anastahili kuijua. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya wanawake 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia kabisa kemikali za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia, ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo unaonyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba kemikali ndiyo chanzo. Kwangu mimi uhusiano huo unatosha kuniambia nimshauri aliyekwisha kuugua aachane nazo.

Rasta nazo nazizuia kwa muda mrefu, na hapo ndipo tunapobishana zaidi, kwa sababu anayetoka kwenye upara anatamani urefu. Uzito wa rasta na mkono mzito wa msusi huvuta shina, na shina likivutwa mwaka baada ya mwaka linakufa kabisa, kuanzia pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake walipochunguza watu wazima wa Cape Town walikuta karibu theluthi moja ya wanawake wana dalili za kipara cha kuvutwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa kwa kubana. Hao ni wanawake ambao hawakuwa wametoka kwenye kemo. Tuna imani moja mbaya katika saluni zetu, kwamba kusuka vizuri ni kusuka mpaka macho yavutike na usiku mtu ameze panadoli. Ukiona vipele vyeupe kwenye mistari, au maumivu yanaendelea hata saa moja baada ya kusukwa, fumua. Msusi akinuna, anune.

Basi mtu avae nini kichwani mwaka huo wa kwanza? Mengi, na mazuri. Nywele zikiwa za sentimita 1 au 2 kinachohitajika ni kinyozi hodari wa kuchonga mstari mbele na kusawazisha kisogo kwa mashine. Kichwa kinachoanza kuota nywele hugeuka kuwa mtindo siku hiyohiyo. Wanawake wengi wa mjini siku hizi wananyoa hivyo kwa kupenda, kwa hiyo hakuna anayekutazama mara mbili. Zikifika sentimita 3 au 4, paka kondishena ya kuacha kichwani au jeli isiyo na spiriti, kisha viringisha fungu dogo dogo kwenye kidole. Mkunjo wa kemo unakaa vizuri mno kwa njia hii. Zikizidi hapo, misokoto, au mabutu yaliyofungwa kwa uzi wa pamba bila kubana. Miezi 6 hadi 8 hivi baada ya dripu ya mwisho naweza kusuka mistari mipana ya mkono mtupu, bila nyongeza, na kuifumua baada ya wiki 1 au 2.

Wigi si kosa. Ivae juu ya kofia nyepesi ya pamba, ifue, ipumzishe ukiwa nyumbani, na isipakwe gundi kwenye ngozi. Kope za kubandika nazo ziache mpaka zako zirudi. Nyusi zichore kwa wanja.

Mvi zinawasumbua wengi. Seli zinazotengeneza rangi ya unywele mara nyingi huchelewa kuamka kuliko shina, kwa hiyo nywele za mwanzo zinaweza kuwa za kijivu na kisha kurudi nyeusi bila kufanyiwa chochote. Asiyeweza kusubiri namwambia atumie hina halisi ya majani, akijua kuwa itakausha nywele na atahitaji mafuta zaidi. Piko simwekei mtu. Weusi wake unatokana na kemikali iitwayo parafenilenediamini, ambayo kwa wengine huvimbisha uso na kutoa malengelenge, na ngozi iliyodhoofika haifai kujaribiwa nayo.

Wasusi wenzangu mnaosoma hapa, wekeni pazia. Kitenge kimoja na kamba vinatosha. Kabla hujagusa kichwa muulize mteja dripu ya mwisho ilikuwa lini, mkono upi ulifanyiwa upasuaji, na kama vidole vina ganzi. Majibu hayo yatakuambia usuke nini.

Nawe uliye kwenye safari hii, miezi 6 ikipita tangu dripu ya mwisho na bado kuna sehemu tupu au nywele ni chache mno, usije kwangu kwanza. Rudi kliniki. Baadhi ya dawa, hasa dositakseli, kwa watu wachache huacha upungufu wa kudumu, na upungufu wa damu au shida ya tezi ya shingo vinaweza kuwa chanzo na vikatibika. Vidonge vya tamoksifeni na anastrozoli, ambavyo wengi waliougua saratani ya matiti hunywa kwa miaka 5 au zaidi, navyo huweza kupunguza wingi wa nywele. Tafadhali usiviache kwa ajili hiyo. Mweleze daktari, endelea kunywa kidonge chako kila siku, na nywele zitakazokuwepo tutazitengeneza.